Kasma ya 99: Mengineyo

Nchi ninayoiandika hapa si hiyo unayoifikiria. Majirani wameshatuuliza mara nyingi, na jibu letu rasmi ni kwamba si hiyo. Ina wimbo wake na bendera yake, ina ramani inayobadilika kila Rais akiota, na ina mimi, Chande Mbaruku, mwandishi wa mihtasari ya vikao katika Wizara ya Misaada na Utulivu kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kuandika kile ambacho wakubwa walikusudia kusema. Kwa kila kikao napewa chai na maandazi mawili, na sijawahi kulalamika.

Nchi yetu imesajiliwa kuwa shirika lisilotafuta faida. Rais wetu, ambaye kwa heshima tunamwita Mlezi, aliitazama miaka thelathini na moja ya utawala wake akagundua kwamba nchi haijawahi kupata faida hata siku moja, tena bila kujitahidi. Akaenda mwenyewe kwa Msajili, akajaza fomu, akasaini kama mwombaji, kisha akasaini kama shahidi. Tangu siku hiyo hatuna wananchi, tuna wanufaika. Kodi pia hatuna, tuna michango ya hiari, na asiyechanga kwa hiari hupigwa.

Wafadhili walifurahi sana. Walituletea mifuko: Mfuko wa Chanjo, Mfuko wa Madawati, Mfuko wa Utawala Bora, Mfuko wa Nyuki. Kila mfuko ulikuja na masharti yake, maana yake kilichotolewa kwa ajili ya nyuki kiende kwa nyuki na si kwingine.

Shida ilianzia Kitundwi, kwenye soko la mihogo. Wauzaji waliambiwa wahame, wakauliza wahamie wapi, na polisi wakajibu kwa risasi saa tano asubuhi. Walikufa kumi na mmoja, wanawake tisa na wanaume wawili, mmoja akiwa bado amekumbatia mzani wake. Damu iliingia kwenye unga ikafanya uji mzito, na wafagiaji walipoona ufagio hauwezi wakaletewa koleo. Nayasema haya kwa sababu yamo kwenye muhtasari.

Mkaguzi wa wafadhili alikuja kwa ndege siku ya tatu. Alitembea sokoni, akaruka dimbwi moja, akaokota ganda la risasi na kusoma namba iliyogongwa kitakoni. Kisha akakaa kwenye kreti tupu, akashika kichwa.

"Risasi hizi," alisema, na sauti yake ilitetemeka kweli, "zilinunuliwa na Mfuko wa Nyuki."

Kamanda wetu wa Polisi, Afande Mtulya, alivua kofia. Ni mtu mgumu, lakini siku ile nilimwona amefedheheka. Alieleza kwamba aliyekuwa stoo alichanganya makasha. Mkaguzi akauliza kama pale sokoni, wakati wa tukio, kulikuwa na nyuki hata mmoja. Tulitafuta kwa bidii chini ya meza zote. Nyuki hawakuwepo, walikuwepo nzi.

*

Ndipo ukaletwa mfumo. Ulikuja ndani ya kompyuta moja ya kijivu iliyowekwa kwenye kona ya ukumbi wetu wa mikutano, na Mkaguzi akatueleza kwamba kuanzia sasa kila tendo la serikali litakuwa na namba, na kila namba itagawanywa katika sehemu. Mfumo unaruhusu sehemu tano. Urefu wa kila sehemu, yaani tarakimu ngapi, unachaguliwa siku ya kwanza. Ingizo la kwanza likishahifadhiwa, hakuna kubadili tena.

Kazi hiyo alipewa Bi Tausi Kihwelo, mhasibu mwandamizi. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani ya kamba, na alipanga kalamu zake mezani kwa urefu. Wizara nzima hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Nilimheshimu mno, na kwa kadiri mtu mwenye mke anavyoruhusiwa, nilimpenda.

Kila mtu alijua pia kwamba mdogo wake, Nasoro, mwalimu wa jiografia, alikuwa mahabusu chini ya ofisi ya Kamanda, ng'ambo ya ua wetu. Kosa lake ni kwamba alichora ubaoni ramani ya nchi ya mwaka uliopita. Kila Ijumaa Bi Tausi alimpelekea wali na maharage katika bakuli la bati, na kila Ijumaa alirudishiwa bakuli la wiki iliyotangulia. Nasoro tangu utotoni alikuwa mtu wa kuosha chombo alichokula, hata kama ni kwa mate.

"Bakuli likirudi safi," Bi Tausi aliniambia, "najua mikono yake bado inafanya kazi."

Wiki ile mfumo ulipofika, bakuli lilirudi chafu.

*

Kikao cha kupanga sehemu kilifunguliwa na Waziri Kasembe.

"Ndugu wajumbe," alisema, akiwa ameshika kifua, "mataifa mengine yalijengwa kwa chuma, mengine kwa dini, mengine kwa ukorofi tu. La kwetu litajengwa kwa sehemu. Leo hii mnufaika anapigwa hajui amepigwa na mfuko upi. Huo ni utumwa. Tunataka apigwe akijua."

Tulipiga makofi mpaka Waziri mwenyewe akatuomba tuache, kisha akatuomba tuendelee kidogo.

Sehemu tatu za mwanzo zilipita upesi: ya kwanza Mfuko, ya pili Mkoa, ya tatu Idara. Tulikwama kwenye ya nne, yaani Tendo. Bi Tausi alipendekeza tarakimu mbili.

"Hazitoshi," alisema Kamanda.

"Afande, tarakimu mbili zinakupa matendo tisini na tisa."

"Dada yangu, wewe hujafanya kazi ya polisi. Kofi peke yake lina aina nne."

"Tuandike Kofi tu. 11, Kofi."

"Na kibao?"

"Kibao si ndiyo kofi, afande?"

Kamanda alimtazama kwa huruma. Akamwomba Naibu Katibu Mkuu asimame. Akampiga kofi, halafu akampiga kibao. Wajumbe wote tulikiri kwamba tofauti ipo: kofi lilimgeuza Naibu uso, kibao kikamgeuza mwili mzima. Mjumbe aliyekuwa mwisho wa meza alisema hakuona vizuri, kwa hiyo vyote viwili vikarudiwa. Safari hii jino la Naibu lilitoka likaangukia kwenye sahani ya maandazi.

"Hilo jino," aliuliza Waziri, akisogeza sahani, "ni tendo au ni nini?"

"Ni matokeo, mheshimiwa," alisema Bi Tausi huku akiandika. "Litakaa sehemu ya tano. 07, Jino."

Naibu aliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Aliambiwa asubiri kidogo, kwa sababu hatujafika kwenye rungu.

Saa nane mchana orodha ilikuwa tayari, tarakimu mbili kila sehemu, matendo kuanzia 11, Kofi, mpaka 70, Kuua. Naibu alikuwa amelazwa chini ya meza na watu waliweka miguu kwa uangalifu. Bi Tausi akauliza, kwa sauti yake ile ya siku zote, kama anaweza kuongeza 80, Kuachia Huru.

Walicheka. Kamanda alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. "Iweke tu, dada," alisema. "Nafasi si ipo?"

Akaiweka. Kisha, mwisho wa kila sehemu, akaandika kasma, yaani fungu, ya 99, Mengineyo. Hakufikiri. Hakuna mhasibu wa nchi yetu anayefikiri akiandika Mengineyo, kama mimi nisivyofikiri ninapopanga ajenda: Kufungua kikao, Kuthibitisha muhtasari, Yatokanayo, shughuli za siku, Mengineyo, Kufunga. Chuoni kwao walichapwa vidole kwa rula kila orodha ilipoishia bila neno hilo. Niliuona mkono wake ukiliandika mara tano, nami nikaliandika mara ya sita kwenye muhtasari wangu.

*

Mlezi alitoa tamko kwa redio: hakuna tendo bila namba. Kabla ya kumgusa mnufaika, askari apige simu wizarani, mfumo uikubali namba, kikaratasi kichapwe, naye asome kwa sauti majina ya sehemu zote tano ndipo aendelee. Mlezi aliita jambo hilo uwazi.

Kilichobaki ni kuueleza mfumo ni sehemu zipi zinaweza kukaa pamoja. Kazi hiyo ilichosha, wakubwa wakaenda zao, akabaki Bi Tausi peke yake na masharti ya wafadhili, kurasa mia tisa. Siku ya nne nilimpelekea chai.

"Kaka Chande," aliniambia, "nimesoma yote. Hakuna mfuko hata mmoja unaoruhusu kuua."

"Kwani wao walikuwa hawajui?"

"Waliandika wenyewe. Hakuna unaoruhusu hata kofi." Alikoroga chai muda mrefu bila kuinywa. "Mimi nayaingiza kama yalivyo. Nani atasema nimekosea?"

Jumamosi mfumo ulianza kazi. Simu ya kwanza ilitoka kaskazini, ambako askari watatu walikuwa wamewapigisha magoti wakulima watatu kando ya barabara, bunduki visogoni. Mhudumu wa mfumo akaingiza Mfuko wa Chanjo, Kaskazini, Polisi, Kuua, Maiti. Skrini ikawa nyekundu: Mchanganyiko haukubaliki. Akajaribu Madawati. Haukubaliki. Akajaribu Nyuki, kwa kunong'ona. Haukubaliki. Askari walisubiri na bunduki juu mpaka mikono ikafa ganzi. Wakulima wakaomba wakae, wakakubaliwa. Ilipofika alasiri, wote sita walikuwa wamekaa wakila miwa ya mmoja wao.

Hivyo ndivyo amani ilivyotokea katika nchi yetu, kwa siku kumi na nane. Hapakuwa na mkataba wala maombi. Mtu mmoja mjini alisimama mbele ya kituo cha polisi akamtukana Mlezi tangu asubuhi, akisubiri kupigwa. Mchana sauti ikamkauka akaenda nyumbani. Wauzaji wa Kitundwi walirudi wakaosha meza. Hospitali kuu iliandika barua kuuliza kama watu wamehama. Bakuli la Nasoro lilirudi safi, na Ijumaa iliyofuata lilirudi limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa, na Bi Tausi alilibeba wizara nzima akituonyesha, mtu ambaye sikuwahi kumwona akionyesha kitu.

Kisha likatokea kubwa zaidi. Mfumo ulikataa kuingia mwezi mpya mpaka mafaili yote ya mahabusu yafungwe, na tendo pekee lililokubaliwa, kupitia Mfuko wa Utawala Bora, lilikuwa 80. Kamanda alisaini mwenyewe, arobaini kwa siku, kwa kufuata mpangilio wa kabati. Nilimwona akisaini. Alikuwa anasaini kama mtu anayeng'olewa kucha, na huyo ni mtu aliyewahi kung'oa, anajua.

Faili la Nasoro lilikuwa kwenye fungu la Alhamisi asubuhi. Bi Tausi alimnunulia shati jipya la buluu, akaliweka juu ya meza yake, pembeni ya kalamu.

*

Jumatano tulikuwa na kikao cha kawaida. Kamanda aliomba kuongea, akasimama.

"Wananidharau," alisema. "Jana mtu kanisalimia barabarani. Anatabasamu. Ananiambia, habari za asubuhi, afande. Nikamwitikia, mheshimiwa. Nzuri, nikamwambia."

Waziri alisema wizara imelipokea kwa masikitiko na inaliangalia. Nikaandika hivyo. Shughuli za siku zikaisha, nami nikasoma kinachofuata, kama nilivyosoma kwa miaka kumi na tisa.

"Ajenda namba tano. Mengineyo."

Kamanda aliinua kichwa. "Rudia."

"Mengineyo, afande."

"Hiyo mengineyo huwa ina masharti?"

"Haina, afande. Mengineyo ni jambo lolote ambalo halikupangiwa nafasi."

"Na kwenye mfumo ipo?"

Hapa naomba nieleweke. Mtu aliuliza swali na mimi nikalijibu. Tena nilikuwa najivunia. Nilitaka wakubwa wajue wizara ina mhasibu wa namna gani.

"Ipo, afande," nikasema. "Kasma ya 99, kwenye sehemu zote tano. Bi Tausi hasahau kitu."

Bi Tausi alikuwa ameketi mbele yangu. Aliweka kalamu chini. Alinitazama, na mimi, mjinga, nikamtabasamia.

Kamanda alikwenda kwenye kompyuta ya kijivu, akamwinua mhudumu, akabonyeza kwa kidole kimoja. 99, 99, 99, 99, 99. Skrini ikawa kijani. Imekubaliwa, Asante. Kamanda akaijibu: "Asante nawe."

Waziri aliuliza kama kuna mengineyo mengine. Hayakuwepo. Kikao kilifungwa saa sita na dakika kumi.

*

Kazi ya siku kumi na nane ilifanywa mchana mmoja. Vikaratasi vilitoka kwenye mashine mfululizo, na mhudumu alikuwa anavibeba ng'ambo ya ua kwa ndoo. Tuliwasikia kwa madirisha. Kwanza sauti ya askari ikisoma, Mengineyo, Mengineyo, Mengineyo, Mengineyo, Mengineyo, kisha rungu, kisha mtu, kisha rungu tu. Halafu inaanza tena. Maji ya kudekia yalipita mferejini chini ya ofisi yetu, mekundu, kisha ya waridi, kisha mekundu tena. Mimi nilikuwa nachapa muhtasari. Nilichapa neno moja mara tatu na sikumbuki ni lipi.

Bi Tausi alivuka ua akikimbia, shati mkononi. Nilimfuata mpaka katikati, nikasimama. Mlangoni walimzuia askari wawili, lakini hawakuweza kumpiga kwa kuwa hawakuwa na kikaratasi chake. Akaita kwa nguvu kupitia tundu la hewa.

"Nasoro!"

"Dada," ilijibu sauti kutoka chini. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeitwa akiwa chumba cha pili.

Kisha askari akaanza kusoma. Alisoma vizuri, bila kuruka. Nasoro Kihwelo alikufa taratibu, kwa sababu aliyempiga alikuwa hajapiga kwa siku kumi na nane na mkono ulikuwa umelegea. Dada yake alihesabu. Aliniambia baadaye ni mapigo ishirini na saba, na kwamba kwenye la ishirini na mbili ndipo Nasoro alipoacha kulia.

Walimrudishia bakuli. Lilikuwa safi.

*

Kesho yake alikuja kazini saa mbili kasoro. Nilisimama mlangoni mwake muda mrefu kabla hajainua macho.

"Bi Tausi, mimi sikujua."

"Wewe ulisoma tu, kaka Chande," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Akageuza skrini nione. Alikuwa amejaribu kuifuta kasma ya 99 tangu asubuhi, na mfumo ulimjibu kila mara kwamba namba iliyokwisha kutumika haifutwi. Chini ya hiyo yalijipanga maingizo ya jana, mia moja na arobaini na nne, na katikati yao moja limeandikwa maelezo: Kihwelo N., mwalimu.

"Namba haibadiliki," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Kisha akasogeza miwani. "Jina je?"

Wiki zilizofuata Mengineyo ilikua kupita idara zote. Watu wa Kitundwi waliuawa tena kwenye meza zile zile walizoziosha. Wale wakulima watatu wa kaskazini walifuatwa majumbani, na askari waliokula nao miwa ndio waliotumwa. Yule mtu wa matusi alipigwa mbele ya kituo alipokuwa amesimama, na safari hii hakuwa amesema neno. Mkaguzi alikuja, akakagua risasi, akakuta hakuna hata moja ya nyuki. Akatupongeza kwa maandishi.

Tarehe thelathini Juni Bi Tausi alifunga mwaka. Kufunga mwaka ni kazi ya mhasibu mwandamizi peke yake, na kwa masharti ya wafadhili mwaka ukifungwa majina yote ya sehemu hugandishwa kwa miaka saba, asije mtu akachezea. Waziri alisaini bila kusoma, kwa sababu ripoti ilikuwa na jalada zuri.

*

Ripoti ya mwaka huwa anaisoma Mlezi mwenyewe, uwanja wa taifa, mbele ya watu elfu arobaini na wanafunzi wa halaiki waliojipanga kwa rangi za bendera. Mlezi hasomi kitu kabla. Husema kwamba kusoma mapema ni kutowaamini wasaidizi. Tena akishaanza ukurasa harudi nyuma, hata alipogonga gari lake ukutani alifuata kanuni hiyo hiyo.

"Matumizi ya mwaka. Elimu," alisoma, na spika zikajibu kutoka pande zote, "asilimia tatu. Afya, asilimia nne. Nyuki, asilimia moja." Mkaguzi akapiga makofi jukwaani. "Nasoro Kihwelo, asilimia tisini na mbili."

Mlezi akafungua ukurasa wa pili, ambao una mchanganuo wa matendo kwa mikoa.

"Mkoa wa Kaskazini. Nasoro Kihwelo, mia tatu na sita."

Katika halaiki, upande wa kijani, walikuwepo wanafunzi wa shule aliyofundisha. Hawakupanga chochote, nimeulizia. Ni mazoea tu ya kila asubuhi, jina linapoitwa na mwenyewe hajaja. Wakajibu darasa zima, kwa ile sauti ya kuvuta ya mahudhurio:

"Hayupo."

Mlezi alipenda. Alidhani ni sehemu ya halaiki. Akapandisha sauti. "Mkoa wa Mashariki. Nasoro Kihwelo, mia tano na tisa."

"Hayupo," wakajibu, na safari hii waliitikia na wa njano.

"Kitundwi. Nasoro Kihwelo, sitini na mbili."

Wanawake wa Kitundwi waliobaki walisimama. Hawakuwa wengi. "Hayupo," walisema, na wengine walisema huku wamefunika uso. Ilipofika mikoa ya kusini uwanja mzima ulikuwa umesimama, elfu arobaini, na mimi nilikuwa nimesimama, na Mlezi alikuwa anapunga mkono na kutabasamu, akilisoma jina lile kwa furaha mpaka ukurasa ukaisha.

Bi Tausi walimkamata kwenye geti la magari. Hakukimbia. Kamanda alikuwa ameshashika rungu, lakini kanuni ni kanuni na Mkaguzi alikuwa karibu, kwa hiyo kikaratasi kiliagizwa, kikaletwa kwa pikipiki. Koplo akakishika akaanza kusoma.

"Nasoro Kihwelo."

Watu nyuma ya uzio wakajibu. Akasoma la pili, wakajibu. Kwenye la tatu akashusha kikaratasi. Kamanda akampokonya kikaratasi, akamchapa nacho usoni, akasoma mwenyewe haraka haraka, akakitupa na kuinua rungu.

"Umesoma manne, afande," alisema Bi Tausi. "Sehemu ni tano."

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilimwona Kamanda akiinama, akiokota kikaratasi mavumbini, akitafuta mstari kwa kidole. "Nasoro Kihwelo," alisoma, na uzio mzima ukamjibu. Kisha akampiga. Alimpiga mpaka kamba ya miwani ikabaki yenyewe shingoni, na alipochoka akaendelea. Alasiri ile Bi Tausi naye aliingizwa kwenye mfumo mahali pake, 99 mara tano, chini ya jina la mdogo wake.

*

Miaka saba ni mingi. Waziri aliandika kwa wafadhili akiomba jina lile libadilishwe, wakamjibu kwa heshima kwamba uadilifu wa mfumo hauna bei. Kwa hiyo kila kituo, kila kona ya nchi, askari anayetaka kuua lazima kwanza aseme Nasoro Kihwelo mara tano kwa sauti, na popote anapoanza kusema watu humjibu. Wapo askari waliokataa kusoma. Waliuawa, na waliotumwa kuwaua ilibidi wasome. Kusema kwamba mauaji yamekwisha ingekuwa uongo, na uongo kwenye muhtasari huwa naandika tu nikiambiwa.

Wiki iliyopita tulikaa kikao cha kawaida. Naibu alikuwepo, na meno ya bandia. Maandazi yalikuwepo. Kamanda alikaa pale pale anapokaa. Tulifungua, tukathibitisha muhtasari, tukapitia yatokanayo, tukamaliza shughuli za siku, na Waziri akanigeukia huku akikusanya makaratasi yake.

"Katibu, ajenda inayofuata."

Mimi ndiye niliyeichapa ile karatasi asubuhi, kwa hiyo nilijua kilichoandikwa.

"Ajenda namba tano," nikasoma. "Nasoro Kihwelo."

Kamanda hakuniambia nirudie. Nikarudia mwenyewe.